Mkopo, Benki na Manowari: Miaka 12 ya Marekani Inayosimuliwa kwa Mkato

Tangu Marekani ilipopandisha ushuru wa bidhaa za nje mwaka 2025, mwaka 1930 umerudi midomoni mwa watu. Majina ya Smoot na Hawley, wanasiasa waliotunga sheria ya ushuru ya mwaka huo na ambao hata Wamarekani wengi walikuwa wamekwisha kuwasahau, yanatajwa redioni na kwenye makundi ya WhatsApp kana kwamba ni majirani zetu, na mjadala huishia kwenye muhtasari uleule ambao wengi tuliupokea darasani: soko la hisa lilianguka, watu wakakosa kazi, Rais Roosevelt akaleta Mpango Mpya (New Deal) wa kuufufua uchumi, kisha vikaja vita vikauponya uchumi. Muhtasari huo hauna uongo mkubwa ndani yake, lakini unafanana na ramani inayoonyesha Dar es Salaam na Mwanza bila kuchora barabara: anayeishika anajua mwanzo na mwisho wa safari, ila hajui pa kupita. Barabara yenyewe, kwa maoni yangu, ni mkopo. Ukifuata nani alimkopesha nani, kwa dhamana gani, na nini kilitokea siku mdai alipotaka chake, utatoka Wall Street, mtaa wa soko la hisa la New York, ya 1929 mpaka Pearl Harbor, bandari ya Marekani iliyoshambuliwa na Japani, ya 1941 bila kuruka hatua.

Maneno machache yanahitaji kunyooshwa kwanza. Hisa ni kipande cha umiliki wa kampuni. Mwenye nayo hupata sehemu ya faida, na soko la hisa ni mahali vipande hivyo vinapouzwa na kununuliwa kila siku ya kazi. Mdororo wa uchumi ni kipindi ambacho uzalishaji, ajira na matumizi hushuka pamoja kwa muda mrefu. Mdororo Mkuu ni jina la ule ulioanza mwaka 1929, ukafika chini kabisa mapema mwaka 1933, na makovu yake yakaonekana Marekani hadi mwanzoni mwa miaka ya 1940. Kwa hiyo mporomoko wa soko ulikuwa tukio la siku chache, na Mdororo Mkuu ulikuwa hali ya miaka mingi. Kuvichanganya viwili hivi ni sawa na kuchanganya siku mzee alipoteleza bafuni na mwaka mzima aliolala kitandani baadaye: kuteleza kulikuwepo, lakini kilichomlaza ni kidonda kilichoachwa bila kutibiwa mpaka kikaoza.

Hisa za kukopa

Katika miaka ya 1920 Wamarekani walizoea kukopa. Magari na redio zililipiwa kidogo kidogo kila mwezi, na hisa nazo zikanunuliwa kwa mtindo unaokaribiana na huo. Mtu mwenye dola 100 aliweza kupata hisa za dola 1,000, dalali akimkopesha zile 900 zilizobaki na kuzishika hisa zenyewe kama rehani. Hisa zikipanda hadi dola 1,100, mtaji wake umekuwa maradufu bila kutoka jasho. Zikishuka hadi dola 900, mtaji wote umekwisha, na dalali anapiga simu kudai nyongeza. Asiyekuwa nayo huuziwa hisa zake siku hiyohiyo kwa bei yoyote itakayopatikana. Hapo ndipo ulipo ubaya wake, kwa sababu kila hisa inayouzwa kwa lazima huzidi kushusha bei, na bei ikishuka simu nyingine zinapigwa kwa watu wengine.

Kipimo mashuhuri cha soko la New York, kinachoitwa Dow Jones, kilifika kilele cha 381 tarehe 3 Septemba 1929. Tarehe 24 Oktoba soko likatikisika, tarehe 28 likashuka kwa takriban asilimia 13, na tarehe 29, Jumanne ambayo hadi leo inaitwa nyeusi, likashuka tena kwa asilimia 12 hivi huku hisa zaidi ya milioni 16 zikibadilisha mikono katika siku moja. Halikuishia hapo. Liliendelea kuteremka, likipumzika na kuteremka tena, mpaka Julai 1932 kipimo hicho kiliposimama kwenye 41. Aliyenunua hisa kileleni na kuzishikilia alisubiri hadi Novemba 1954 kuona kipimo hicho kikirudi pale alipokiacha.

Kuhusu matajiri waliokuwa wakijirusha ghorofani kama mvua, hadithi hiyo imetiwa chumvi nyingi. Waliojiua walikuwepo, lakini hapakuwa na wimbi la watu kuruka madirishani katika wiki zile. La maana zaidi ni kwamba Wamarekani wengi hawakuwa na hisa hata moja. Swali la kujiuliza, basi, ni jinsi mkulima wa Kansas asiyeijua Wall Street alivyopoteza akiba yake na shamba lake. Jibu limo ndani ya benki.

Sanduku lenye laki tatu

Chukua kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 30, kila mmoja akiwa ameweka shilingi 100,000. Sanduku limepokea milioni 3. Kati ya hizo, milioni 2 na laki 7 zimekopeshwa: mmoja kanunua cherehani, mwingine mbolea, watatu wamechanga wakanunua bodaboda. Sandukuni zimebaki laki 3. Kikundi hiki ni kizima kabisa. Mikopo inalipwa, riba inaingia, hesabu zimenyooka. Jumapili moja wanachama wawili wanasikia uvumi kwamba mweka hazina amehama mji, wanakwenda kudai chao na wanalipwa. Uvumi unazidi, wanakuja wengine wanne, na hawa wanaambiwa warudi wiki ijayo kwa kuwa sandukuni mmebaki kidogo. Kufika jioni wanachama wote wako mlangoni, wakiwemo wale ambao asubuhi hawakuwa na wasiwasi wowote, maana hata anayeuamini uongozi anajua kwamba atakayefika mwisho hatakuta kitu. Mwenye cherehani hawezi kuikata vipande ili arudishe robo. Kikundi kimekufa kikiwa hakina ugonjwa.

Benki yoyote duniani iko hivyo. Amana zetu hazikai kwenye kabati zikitusubiri. Zimekopeshwa, na ahadi ya kutupatia tukizitaka inatimia kwa sababu hatuzitaki wote kwa siku moja. Marekani ya wakati ule ilikuwa na maelfu ya benki ndogo, nyingi zikiwa za mji mmoja tu kwa kuwa sheria za majimbo mengi zilizuia kufungua matawi. Benki ya mji wa pamba ilikopesha wakulima wa pamba, na ya mji wa ngano ikakopesha wa ngano, kwa hiyo bei ya zao moja ilipoanguka, benki nayo iliyumba. Bei za mazao zilikuwa dhaifu tangu Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, na mwishoni mwa 1930 foleni zikaanza milangoni. Tarehe 11 Desemba 1930 ikafungwa benki moja ya New York iliyokuwa na mamia ya maelfu ya wateja, wengi wao wahamiaji Wayahudi waliofanya kazi kwenye viwanda vya nguo. Jina lake lilikuwa Bank of United States. Ilikuwa ya watu binafsi, lakini jina liliwafanya wengi, hasa walio nje ya nchi, wadhani kwamba ni benki ya serikali iliyofilisika, na hofu ikazidi. Kati ya 1930 na 1933 benki takriban 9,000 zilifungwa, na amana wakati huo hazikuwa na bima.

Linalosahauliwa ni kwamba sehemu kubwa ya fedha za nchi huwa ni maandishi kwenye daftari la benki. Daftari likichanika, fedha hizo zimetoweka. Hakuna mwizi aliyezificha mahali. Kiasi cha fedha nchini Marekani kilipungua kwa karibu theluthi moja ndani ya miaka minne, na bei za bidhaa zikashuka kwa takriban robo.

Msomaji aliyezoea kulalamikia bei ya unga atasema kushuka kwa bei ni neema. Ingekuwa neema kama madeni nayo yangeshuka. Mkulima aliyekopa dola 1,000 mwaka 1929, wakati busheli moja ya ngano, yaani kilo 27 hivi, ilipouzwa kwa karibu dola moja, alikuwa amekopa busheli 1,000. Mwaka 1932 ngano iliuzwa chini ya senti 40, na deni lile lile la dola 1,000 likawa ni zaidi ya busheli 2,500. Shamba halikuongezeka, mvua haikuongezeka, na katika nyanda za kati miaka iliyofuata ilileta ukame na tufani za vumbi zilizofunika jua mchana. Mkulima akashindwa, benki ikachukua shamba, ikalinadi wakati hakuna mnunuzi, ikapata hasara, ikafunga. Viwanda navyo, vikiwa na bidhaa zisizo na wateja, vikapunguza watu. Mwaka 1929 waliokosa kazi walikuwa asilimia 3 hivi. Mwaka 1933 walikuwa karibu asilimia 25.

Benki Kuu ya Marekani ilikuwa imeanzishwa kwa sheria ya 1913 ili, pamoja na mengine, ikopeshe benki zilizobanwa na foleni kama hizo. Ilikuwepo, na ilitazama. Sababu mojawapo ilikuwa dhahabu. Dola ilikuwa na ahadi ya kubadilishwa kwa dhahabu, wakia moja kwa dola 20.67, na Uingereza ilipoiacha ahadi yake ya namna hiyo Septemba 1931, wenye dola nje ya nchi walikimbilia kuzibadilisha kabla Marekani haijafanya vivyo hivyo. Ili kuizuia dhahabu isitoke, Oktoba mwaka huo Benki Kuu ilipandisha riba yake kutoka asilimia 1.5 hadi 3.5 katika muda wa siku chache. Nchi ilikuwa inazama, ikaongezewa jiwe. Nikiambiwa nitaje kosa moja lililogeuza mdororo kuwa Mdororo Mkuu, nitataja kuziacha benki zife, na nitalitaja kabla ya ushuru wa Smoot na Hawley.

Ushuru wenyewe, uliotiwa saini na Rais Herbert Hoover tarehe 17 Juni 1930 ingawa wanauchumi zaidi ya 1,000 walikuwa wamemwandikia kumsihi aukatae, ulifanya madhara yake. Kanada na nchi za Ulaya zilijibu kwa ushuru wao, na biashara ya dunia ikanyauka. Lakini bidhaa ambazo Marekani iliuza nje zilikuwa kama asilimia 5 tu ya uchumi wake, na sehemu hiyo, hata ingekufa yote, isingeweza kuwaacha robo ya wafanyakazi bila kazi. Ubaya wake mkubwa zaidi uko kwenye madeni. Uingereza, Ufaransa na wengine walikuwa wanadaiwa na Marekani takriban dola bilioni 10 za vita vya kwanza, na njia ya kupata dola ni kuwauzia Wamarekani bidhaa. Mdai aliyemfungia mdaiwa wake soko, kisha akasimama kibarazani kumdai, hawezi kushangaa asipolipwa. Huku kwetu Tanganyika hapakuwa na hisa wala Wall Street, lakini bei ya mkonge ilianguka na mashamba yakapunguza vibarua na ujira wa manamba waliobaki, kwa ajili ya msukosuko ambao hakuna aliyewaeleza umetoka wapi.

Hoover, Roosevelt na godoro

Hoover anasimuliwa kama mtu aliyekaa akikunja mikono, na hilo si haki. Juni 1931 alisimamisha kwa mwaka mmoja malipo ya madeni ya vita ya Ulaya. Mwaka 1932 aliunda shirika la serikali la kukopesha mabenki na reli. Aliongeza kazi za ujenzi. Alichokataa ni serikali kuu kumpa raia mmoja mmoja msaada wa moja kwa moja, akiamini kwamba hilo ni jukumu la hisani na serikali za majimbo, na ukaidi huo ulimfanya jina lake libandikwe kwenye vijiji vya mabanda ya mabati na maboksi vilivyoota pembezoni mwa miji. Kilichommaliza kabisa ni deni jingine. Wanajeshi wa vita vya kwanza walikuwa wameahidiwa bonasi ambayo ingelipwa mwaka 1945, na katikati ya 1932 maelfu kwa maelfu yao walikwenda Washington kuomba walipwe mapema, wakapiga kambi na wake zao na watoto. Tarehe 28 Julai jeshi likiongozwa na Jenerali Douglas MacArthur likawatimua kwa farasi, vifaru na mabomu ya machozi, na kambi ikateketea. Wapiga kura waliziona picha hizo miezi mitatu kabla ya uchaguzi.

Franklin Roosevelt alishinda Novemba 1932, lakini kwa utaratibu wa wakati ule aliapishwa tarehe 4 Machi 1933, na siku hiyo majimbo mengi yalikuwa yamekwisha kufunga benki zao au kuzibana. Tarehe 6 akazifunga zote nchi nzima. Tarehe 9 Bunge likapitisha kwa siku moja sheria ya dharura ya benki, ambayo wabunge wengi waliipigia kura bila kuisoma. Jumapili usiku, tarehe 12, akaketi mbele ya redio na kuwaeleza wananchi habari ya sanduku la kikundi: kwamba benki haiziweki fedha zako kabatini, inazikopesha, kwamba zitakazofunguliwa ni zile zilizokaguliwa, na kwamba fedha zako ziko salama zaidi katika benki iliyofunguliwa upya kuliko chini ya godoro. Asubuhi yake foleni zilirudi milangoni mwa benki. Safari hii watu walikuwa wamebeba vifurushi vya noti wakitaka kuviweka.

Katika mambo yote ya Mpango Mpya, hilo la wiki moja ndilo ninaloliona la ajabu kuliko yote, kwa sababu hakuna dhahabu wala kiwanda kilichoongezwa kati ya Jumapili na Jumatatu. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliamini jirani yake hatakwenda kutoa. Bima ya amana, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1934 kwa kiwango cha dola 2,500 kwa kila mwenye akaunti, ililifanya jambo hilo kuwa la kudumu, na kufungwa kwa benki kukapungua mno. Kuhusu dhahabu, raia waliamriwa kuikabidhi, na Januari 1934 wakia moja ikapandishwa hadi dola 35, jambo lililofungua mkono wa serikali na kuziruhusu bei zipande.

Mpango Mpya uliobaki haukuwa mpango mmoja. Ulikuwa rundo la sheria zilizotungwa kwa haraka, nyingine zikigongana. Vijana wapatao milioni 3 kwa miaka tisa walipelekwa kupanda miti na kutengeneza barabara za misituni, wakitakiwa kutuma nyumbani sehemu kubwa ya ujira wao. Mamilioni walijenga shule, madaraja na viwanja vya ndege. Upande mwingine, ili kupandisha bei ya nyama, serikali ilinunua nguruwe milioni 6 mwaka 1933 na kuwachinja, katika nchi ambayo watu walipanga foleni za supu. Wapo Wamarekani ambao hawakuisamehe mpaka kufa. Sheria ya pensheni ya 1935 iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, kazi walizofanya Wamarekani Weusi wengi, na kuachwa huko hakukuwa bahati mbaya machoni pa wabunge wa majimbo ya Kusini. Mahakama Kuu nayo ilibatilisha mojawapo ya sheria kubwa kupitia kesi ya wafanyabiashara wa kuku wa Brooklyn.

Je, uliponya? Kati ya 1933 na 1937 uchumi ulikua kwa kasi, na wasio na kazi wakashuka kutoka asilimia 25 hadi 14 hivi, tena takwimu hizo zinawahesabu waliokuwa kwenye kazi za serikali kana kwamba hawana kazi. Kisha, mgonjwa alipoanza kukaa kitako, serikali ikapunguza matumizi na Benki Kuu ikayabana mabenki, na mwaka 1938 wasio na kazi wakarudi karibu asilimia 19. Anayesema Mpango Mpya haukufanya kitu anaisahau 1933; anayesema ulimaliza kazi anaisahau 1938.

Bunduki kwa mali kauli

Vita vilikuwa vimekwisha kuanza kwingine. Japani ilikuwa Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, tangu 1931, na mwaka 1937 ilianza vita kamili dhidi ya China. Wamarekani hawakutaka kusikia. Wengi wetu tunaeleza hilo kwa kusema walijifungia kwa ubinafsi, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kati ya nchi za Ulaya zilizodaiwa mabilioni yale ya vita vya kwanza, kufika 1934 ni Finland pekee iliyokuwa ikiendelea kulipa ipasavyo. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Gerald Nye ilichunguza jinsi wauza silaha na mabenki walivyonufaika na vita hivyo, na umma ukabaki na imani kwamba vijana wao walikufa ili mikopo ya mabenki isipotee. Sheria zikaandikwa kwa hofu hiyo. Ya 1934 ilikataza kuzikopesha serikali zilizoshindwa kulipa. Za kutoegemea upande wowote, za 1935 na 1936, zikakataza kuuza silaha kwa nchi iliyo vitani na kisha kuikopesha.

Ujerumani ilipoivamia Poland tarehe 1 Septemba 1939, Bunge lililegeza kamba kidogo: Uingereza na Ufaransa zingeweza kununua silaha, mradi zilipe taslimu na kuzibeba kwa meli zao wenyewe. Ufaransa ikaanguka Juni 1940. Septemba Roosevelt akaipa Uingereza manowari 50 kuukuu, akachukua haki ya kutumia vituo vya kijeshi kwenye makoloni ya Uingereza kwa miaka 99, biashara ya kubadilishana mali kwa mali ambayo haikuhitaji noti. Kufika mwisho wa mwaka Waingereza walikuwa wanakaribia kuishiwa na dola.

Hapo, tarehe 17 Desemba 1940, Roosevelt akawatolea waandishi wa habari mfano ambao msomaji yeyote wa Kiswahili atauelewa bila mkalimani. Nyumba ya jirani inaungua, na mimi nina mpira wa kumwagilia bustani. Simwambii, jirani, mpira huu nilinunua dola 15, nipe kwanza dola 15. Sitaki dola 15. Nataka mpira wangu moto ukishazimika. Seneta Robert Taft alijibu kwamba kukopesha silaha ni kama kukopesha chingamu: ukishaitafuna, nani anaitaka tena? Taft alikuwa na hoja, na nadhani Roosevelt mwenyewe aliijua. Uzito wa mfano wa mpira ulikuwa katika kuliondoa neno dola mezani, ili ule uchungu wa madeni ya zamani usiamke. Sheria ya Kukopesha na Kukodisha ilitiwa saini tarehe 11 Machi 1941, na mpaka vita vinakwisha ilikuwa imetoa misaada ya takriban dola bilioni 50.

Ndiyo maana kauli kwamba Pearl Harbor iliuponya uchumi inakosea tarehe. Oda za silaha kutoka nje, matumizi makubwa ya ulinzi na sheria ya kuandikisha vijana jeshini ya Septemba 1940 vilikuwa vimekwisha kuanza kazi, na wastani wa wasio na kazi mwaka 1941 ulikuwa asilimia 10 hivi. Kazi hizo hazikugawanywa sawa. Viwanda vingi vya ndege na meli viliwakataa Weusi mpaka kiongozi wa wafanyakazi A. Philip Randolph alipotishia kuandamana na maelfu yao hadi Washington, na Roosevelt, ili kuyazuia maandamano, akatoa amri ya Juni 1941 ya kukataza ubaguzi katika viwanda vya ulinzi. Vita viliziba pengo la ajira kwa kuifanya serikali itumie fedha kwa kiwango ambacho wakati wa amani hakuna aliyethubutu. Ila kifaru hakiliwi wala hakivaliwi, na kuanzia 1942 sukari na petroli vilinunuliwa kwa kadi za mgao.

Fedha zilizofungiwa New York

Kuna wanaosema Japani ilishambulia bila sababu, na kuna wanaosema Roosevelt alijua akanyamaza. Tufuate tena fedha. Japani ilipata karibu asilimia 80 ya mafuta yake kutoka Marekani, na kwa mafuta hayo ilikuwa inapigana China. Julai 1941 majeshi yake yalipoingia kusini mwa Indochina, koloni la Ufaransa, Roosevelt alizizuia mali zote za Japani zilizokuwa Marekani. Japani ilibaki na fedha katika benki za New York isizoweza kuzitumia, na bila fedha hizo hapakuwa na mafuta. Akiba yake ya mafuta ilikuwa inapungua kila siku. Mbele yake palikuwa na njia mbili: kuondoka China, jambo ambalo majenerali wake hawakulikubali, au kuvinyakua visima vya makoloni ya Waholanzi, Indonesia ya leo. Njia ya pili ilipita karibu na Ufilipino, iliyokuwa chini ya Marekani, na kikosi cha manowari kilichoweza kuikata kilitia nanga Pearl Harbor, Hawaii.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 7 Desemba 1941, baada ya saa moja, askari wawili kwenye kituo cha rada kaskazini mwa kisiwa cha Oahu waliona kundi kubwa la ndege likija. Waliripoti kwa simu. Ofisa aliyepokea alijua kuna ndege za Marekani zinazotarajiwa kutoka California asubuhi hiyo, akawaambia wasijali. Ndege 353 za Japani zilishambulia kwa mawimbi mawili na kuua Wamarekani 2,403, kati yao 1,177 wakiwa katika manowari moja, Arizona. Ni kweli Washington ilikuwa inasoma ujumbe wa siri wa wanadiplomasia wa Japani na ilijua vita viko karibu, lakini macho yalikuwa yameelekezwa Ufilipino na Malaya, na hakuna ushahidi kwamba Roosevelt alijua bomu litaangukia wapi.

Kesho yake Seneti ilipiga kura 82 kwa 0 na Baraza la Wawakilishi 388 kwa 1 kutangaza vita dhidi ya Japani. Kura moja ya kukataa ilikuwa ya Jeannette Rankin wa Montana. Ujerumani haikutajwa. Ni Hitler aliyetangaza vita dhidi ya Marekani tarehe 11 Desemba, ingawa mkataba wake na Japani haukumlazimisha, kwa kuwa Japani ndiyo iliyoanza. Miezi michache baadaye Japani ilikuwa imeshika Ufilipino na Indonesia, kulikotoka nyuzi za kamba za meli, na mkonge wa Tanganyika uliodharauliwa sokoni miaka kumi nyuma ukawa unasakwa.

Huko Hawaii kwenyewe viongozi waliogopa kwamba visiwa vikitekwa, adui atakuta dola halali mikononi mwa watu na ndani ya benki na kuzitumia kokote. Katikati ya 1942 noti za kawaida zikaondolewa na kutolewa nyingine zilizopigwa chapa kubwa ya neno HAWAII, ili zikitekwa serikali itangaze siku hiyohiyo kwamba hazina thamani. Noti za zamani, kama dola milioni 200, zilichomwa kwenye tanuri la kuchomea maiti, na lilipoelemewa zikapelekwa kwenye tanuri la kiwanda cha sukari cha Aiea. Juu ya bomba la moshi waliweka wavu mwembamba, kipande cha noti kisije kikapeperuka kabla hakijaungua.